Je, Mtoto Hupimwa kama Dhahabu?

Katika Ituri watu wengi waijua mizani ya dhahabu. Mchimbaji atoka Mongbwalu akiwa na vumbi lake katika karatasi. Mnunuzi aliweka upande mmoja wa mizani, aweka kipimo upande wa pili, kisha ataja uzito. Mizani ikiwa ya haki, dhahabu itajibu neno lile lile leo na kesho, mbele ya mnunuzi mpole na mbele ya mnunuzi mkali. Dhahabu haijui kwamba inapimwa.

Lakini siku nyingine kijijini hufika mpimaji wa namna tofauti. Ashuka katika pikipiki iliyotoka Bunia, amsalimu direkta wa shule, aingia darasani na karatasi zake. Ahesabu madawati na watoto. Kisha amwita mtoto mmoja mmoja kando, amsomesha maneno machache, amwuliza alikula nini asubuhi, baba yake yuko wapi, na kama alikimbia vita. Jioni arudi mjini. Huyo ni mchunguzi wa mambo ya shule, na kazi yake huitwa utafiti. Ataka kujua watoto wanajifunza nini, na kwa sababu gani wengine hawajifunzi.

Wazazi hubaki wakiulizana. Mmoja asema: "Huyu ataleta msaada, heri tumjibu yale ayapendayo." Mwingine asema: "Huyu ni mpelelezi, heri tuwafiche watoto." Wote wawili wamepita swali lililo kubwa kuliko hayo: Je, ni halali kumpima mtoto wa mtu? Na kama ni halali, yapasa apimwe kwa njia gani?

Swali hilo si la wenye elimu kubwa peke yao. Linahusu ukweli, tena linahusu heshima ya mtu. Kwa hiyo ni la kila baba na kila mama, na la kila mkatekumeni ajifunzaye kutofautisha jema na baya.

Neno la kwanza liwe wazi: kutafuta ukweli ni jambo jema. Akili ya mtu imeumbwa kwa ajili ya ukweli. Direkta asiyejua kwamba watoto wa mwaka wa nne hawajui kusoma, atawasaidiaje? Kwa hiyo mchunguzi asifukuzwe kama mwizi. Lakini jambo jema laweza kufanywa kwa njia mbaya. Ili kumpambanua mchunguzi mwema, yafaa kutazama mambo matatu: lile analolishika moyoni kabla ya kuuliza, njia yake ya kuuliza, na deni lake kwa wale aliowauliza.

I. Lile linaloshikwa kabla ya kuuliza

Hakuna mtu aulizaye bila kuamini kitu kwanza. Mfano u karibu. Siku ya kujaribiwa kabla ya ubatizo, mkatekumeni mmoja ajibu maswali yote upesi kama kasuku, wala haelewi neno. Mwenzake asitasita, asahau maneno ya kitabu, lakini jambo lenyewe amelielewa, na jirani zake waliona jinsi alivyoacha ugomvi. Nani anajua zaidi? Katekista aaminiye kwamba kujua ni kukumbuka maneno atampa wa kwanza alama zote. Katekista aaminiye kwamba kujua ni kuelewa na kutenda atauliza kwa namna nyingine. Wote wawili wana macho mazuri. Lakini kila mmoja ameona kile alichokwenda kukitafuta.

Ndivyo ilivyo kwa wachunguzi wa shule. Mwaka 1904, katika maonyesho makubwa ya mji wa St. Louis huko Marekani, waliletwa watu wa mataifa mengi, na baadhi yao watu wafupi wa misitu ya Kongo. Wenye elimu wakawapima macho, masikio na akili. Kipimo kimoja kilikuwa ubao wenye matundu ya maumbo mbalimbali, na kila kipande cha mti kilipaswa kuwekwa katika tundu lake. Watu wale wa Kongo hawakufanya vema. Mtu wa haraka angesema: "Basi, akili zao ni ndogo." Lakini Robert Woodworth, mmoja wa waliosimamia kazi ile, alipoandika habari zake mwaka 1910, alionya kwamba haki ya jaribio lile ina shaka, kwani huenda mchezo wa namna ile ulikuwa mgeni zaidi kwa wawindaji kuliko kwa watu wengine. Alitambua kwamba ubao ulipima pia mazoea. Mtu asiyepata kuona ubao wa namna ile hawezi kulinganishwa na mtoto aliyekua akiuchezea. Na wale waliomcheka mwindaji mbele ya ubao, wangepelekwa katika msitu wa Ituri na kuambiwa wafuate nyayo za mnyama, wangechekwa wao.

Mfano wa pili watoka Kenya, katika nchi ya Busia. Mwaka 1996 shule 25 zilipewa vitabu vya masomo, kisha wachunguzi wakazilinganisha na shule nyingine zisizopewa bado. Wote walidhani kwamba watoto wenye vitabu watawashinda wenzao. Haikuwa hivyo. Waliosaidika ni wale waliokuwa hodari tangu mwanzo. Wengine walibaki pale pale. Mbona? Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu. Ilidhaniwa kwamba shida ni ukosefu wa kitabu, kumbe mtoto alipewa kitabu asichoweza kukisoma. Wachunguzi wale wanastahili sifa kwa jambo moja: walipoona kwamba matokeo hayakubaliani na dhana yao, hawakuyaficha. Waliyatangaza.

Hapo watu wa Ituri wana funzo lao. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 yakubali kwamba mtoto aanze masomo kwa lugha ya taifa au lugha ya mahali pake. Katika Ituri lugha hiyo ya taifa ni Kiswahili. Lakini mtoto wa Mahagi alilelewa kwa Kialur, wa Aru kwa Kilugbara, na wengi wa Djugu kwa Kilendu. Mchunguzi akimwuliza mtoto huyo hesabu kwa Kifaransa, naye akanyamaza, karatasi itaandikwa: "Hajui hesabu." Pengine hesabu aijua vizuri, kwani kila siku ya soko humrudishia mnunuzi chenji bila kukosea. Hakuyajua maneno tu. Karatasi imesema uongo, ingawa hakuna aliyetaka kudanganya.

II. Njia ya kuuliza

Wachunguzi wana njia mbili kubwa: kuhesabu, na kukaa pamoja na watu.

Ahesabuye hawezi kumwuliza kila mtoto wa nchi. Afanya kama mama aonjaye maharagwe: hali chungu kizima, aonja kijiko kimoja. Lakini mama mwenye busara hukoroga kwanza, kwa sababu chumvi yaweza kuwa chini. Kukoroga kwa mchunguzi ni kupiga kura, ili vijiji na nyumba zichaguliwe bila upendeleo. Akienda tu katika shule zilizo kando ya barabara kuu, amekwisha kuonja juu juu.

Tangu mwaka 2009, katika Kenya, Tanzania na Uganda, kazi iitwayo Uwezo ilifuata njia hii. Wenye kujitolea walikwenda katika nyumba zilizochaguliwa kwa kura, wakawapa watoto wa hadi miaka 16 maandishi mafupi na hesabu za darasa la pili. Walikwenda nyumbani kwa sababu nzuri: anayeuliza shuleni tu hamwoni mtoto asiyekwenda shule. Katika Ituri mtoto huyo ndiye yule aliye katika mashimo ya dhahabu, au katika kambi ya waliokimbia vita. Uwezo ilionyesha kwamba wako watoto waliokaribia kumaliza shule ya msingi nao hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Ukweli huo ulikuwa mchungu, lakini bila kuhesabu ungebaki umefichwa.

Walakini kuhesabu hakuoni yote. Katika miaka ya 1950 Mwingereza mmoja, Colin Turnbull, aliishi na Wambuti karibu na Epulu. Hapo wanakijiji walikuwa na nkumbi, yaani shule yao ya kuwatahiri na kuwafundisha wavulana, nao waliwaingiza humo wavulana wa Kimbuti pia. Mwenye kuhesabu angeandika: "Wavulana kadhaa wameingia, wote wamefundishwa, sasa ni wanaume." Turnbull alikaa na wavulana kambini, kisha akawafuata msituni. Akaona kwamba waliporudi kwa wazazi wao walihesabiwa tena kuwa watoto, kwa maana Wambuti walikuwa na njia yao wenyewe ya kumtambua mwanamume. Shule ilikuwa moja, maana zake mbili. Hilo halionekani na mtu ashukaye asubuhi na kuondoka jioni. Lakini njia hii nayo ina hatari yake: akaaye na watu aweza kuwapenda hata asiyaone mabaya yao. Wenye elimu waliokuja baadaye walisema kwamba Turnbull aliyachora maisha ya msituni kwa rangi nzuri mno. Kwa hiyo njia hizi mbili zasaidiana, na yafaa moja isahihishe nyingine.

Bado liko jambo zito zaidi, na mahali pake ni Bunia yenyewe. Baada ya vita vya Ituri, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, yenye makao yake La Haye, ilimshtaki Thomas Lubanga, mkubwa wa UPC, kwa kosa la kuwatia jeshini watoto wasiotimiza miaka 15. Huo ulikuwa uchunguzi wa hukumu, wala si wa shule, lakini walioulizwa walikuwa vijana, na neno lililotafutwa lilikuwa maisha yao ya utotoni. Kwa sababu ya hatari ya nchi, wachunguzi hawakuweza kutembea kwa uhuru, wakawatumia watu wa kati kuwatafuta mashahidi. Kesi ilipoanza Januari 2009, shahidi wa kwanza aliyakana siku ile ile maneno yake, akasema kwamba alifundishwa kuyasema. Baadaye akarudi, akasimulia tena mambo ya kwanza. Mwishoni, Machi 14, 2012, waamuzi walisema kwamba hawawezi kuutegemea ushuhuda wa vijana tisa walioletwa kama askari watoto wa zamani, kwa kuwa watu watatu wa kati walifanya kazi yao pasipo kuangaliwa. Lubanga alihukumiwa kuwa na hatia kwa ushahidi mwingine, zikiwamo picha za video zilizowaonyesha watoto wadogo wenye silaha. Kifungo chake kikawa miaka 14.

Waamuzi waliongeza neno ambalo kila mchunguzi wa watoto alikumbuke: vijana wale, kwa umri wao na kwa vita walivyoviona, walikuwa rahisi kugeuzwa na watu wengine. Hapa yaonekana tofauti ya mtoto na dhahabu. Mtoto humtazama anayempima. Hutafuta usoni pake jibu lipendwalo. Akiogopa, ajibu kwa hofu. Akitumaini zawadi, ajibu kwa tumaini. Ikiwa nchi ni maskini na muulizaji ashuka na gari zuri, kila jibu lina njaa ndani yake. Kwa hiyo anayeuliza vibaya hupoteza vitu viwili pamoja: amemwumiza mtoto, na ukweli wenyewe hakuupata.

III. Deni la mchunguzi

Watu wengine husema: "Elimu ni kubwa kuliko mtu mmoja, mmoja akiumia ili wengi wajue, si kitu." Neno hilo ni la uongo, na lilikwisha kuzaa matunda machungu. Ota Benga, kijana wa misitu ya Kongo, alikuwa miongoni mwa waliopelekwa St. Louis mwaka 1904. Septemba 1906 aliwekwa katika nyumba ya nyani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, mji wa New York, na maelfu ya watu walikuja kumtazama. Wakubwa wa bustani walisema kwamba ni maonyesho ya elimu. Wachungaji weusi wa mji ule walipinga kwa nguvu, hata akatolewa. Hakupata kurudi kwao. Mwaka 1916, katika mji wa Lynchburg, alijiua kwa bunduki.

Dunia ilijifunza polepole na kwa machozi. Mwaka 1947, huko Nürnberg, waamuzi waliowahukumu waganga wa Hitler waliandika kanuni kumi, na ya kwanza ni kwamba mtu asifanyiwe jaribio bila ridhaa yake huru. Katika Alabama, tangu 1932 hadi 1972, serikali ya Marekani iliwaacha wagonjwa wa kaswende mamia kadhaa, wote watu weusi, bila dawa na bila kuwaambia ugonjwa wao, ili ugonjwa utazamwe tu. Aibu hiyo ilipojulikana, mwaka 1979 kanuni tatu zilitangazwa huko: kumheshimu mtu, kumtendea mema bila kumdhuru, na kushika haki. Nazo zafaa shuleni kama zinavyofaa hospitalini.

Kumheshimu ni kuomba ruhusa kwa wazazi, na kumwuliza mtoto mwenyewe. Ruhusa ya chefu au ya direkta haitoshi. Na ruhusa inayopatikana kwa kificho, au kwa ahadi ya msaada usiokuwapo, si ruhusa.

Kutomdhuru kuna uzito wa pekee katika Ituri. Katika vita vya miaka 1999 hadi 2003 walikufa watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 50,000, na wengi waliuawa kwa sababu ya kabila lao tu. Tangu mwisho wa 2017 mauaji yaliwaka tena Djugu. Katika nchi ya namna hiyo, karatasi yenye jina la mtoto, kijiji chake na kabila lake ni kitu cha hatari. Ikianguka katika mikono mibaya, yaweza kuonyesha njia ya mlango. Mchunguzi asiandike jina lisilohitajiwa, na alilokabidhiwa alifunge. Tena asimfungue mtoto kidonda cha yale aliyoyaona usiku wa kukimbia, kama hakuna mtu atakayebaki naye kumtuliza.

Kushika haki ni jambo gumu zaidi. Je, ni haki kusaidia shule hizi na kuziacha zile, ili tu zilinganishwe? Katika Katanga na Kivu, tangu mwaka 2010 na kuendelea, shirika la IRC lilipowasaidia walimu kufundisha watoto walioumizwa na vita, shule zilichaguliwa kwa kura: nyingine zilianza, nyingine zikangoja zamu yao. Msaada usipotosha wote kwa mara moja, kura ni ya haki kuliko upendeleo. Lakini anayengojeshwa ana dai lake: jambo likionekana kuwa jema, lazima afikiwe. Asipofikiwa, ametumiwa kama kipimo cha mizani tu.

Hatimaye liko deni ambalo wengi hulisahau, nalo ni kurudi. Aliyechukua maneno ya kijiji na arudi kusema aliyoyaona, kwa lugha inayoeleweka na watu.

IV. Wajibu wa wanaoulizwa

Haki haiendi upande mmoja. Mzazi aongezaye idadi ya watoto ili apate zaidi, direkta aandikaye wanafunzi wasiokuwapo, mwalimu awanong'onezaye watoto majibu kabla mgeni hajaingia, hao wote wanatoa ushuhuda wa uongo, na amri ya nane yawahusu. Watasema: "Twawasaidia watoto wetu." Sivyo. Shule inayoonekana nzuri katika karatasi haitaletewa msaada inayouhitaji, na mtoto asiyejua kusoma atabaki hivyo, amefichwa na wale waliopaswa kumtetea. Asiyependa kusema, anyamaze. Kunyamaza si dhambi. Lakini akisema, na aseme kweli.

Maswali ya kukumbuka

Swali: Je, ni halali kumchunguza mtoto shuleni?
Jibu: Ndiyo, kama lengo ni ukweli unaomfaa, na kama yeye na wazazi wake wamekubali kwa hiari.

Swali: Mzazi amwulize mchunguzi maneno gani?
Jibu: Umetumwa na nani? Wataka kujua nini? Utamwuliza kwa lugha gani? Jina lake litawekwa wapi? Utarudi lini kutuambia uliyoyaona?

Swali: Mchunguzi akisema kwamba asiyejibu atakosa msaada?
Jibu: Huyo anunua maneno, na maneno ya kununuliwa hayana ukweli. Mzazi aweza kumkatalia bila woga.

Swali: Na mtoto akikataa kujibu, ingawa baba amekubali?
Jibu: Aachwe aende zake akacheze.